Mkono wa Kushoto wa Mpiga Kodiani

Kodiani ni chombo cha watu wa kazi. Cyril Demian, fundi wa vinanda wa Vienna, alipopata hataza yake mwaka 1829, kisanduku alichokiunda pamoja na wanawe Karl na Guido kilikuwa na vibonyezo vichache tu, na kila kimoja kilitoa sauti kadhaa kwa mpigo, ili hata asiyejua kusoma noti aweze kuusindikiza wimbo. Baadaye viwanda vilipoanza kuunda kodiani kwa wingi, zikawa mali ya mabaharia, wavuvi, wachimba makaa ya mawe na vibarua wa mashambani. Kodiani ilibebeka begani, haikuhitaji kutiwa tuni kila kukicha, na mtu mmoja aliyekuwa nayo aliweza kuwachezesha wageni wa harusi nzima bila bendi.

Wenye majumba makubwa walikuwa na piano na fidla zao. Kodiani waliisikia kwa mbali, kutoka ghalani au upande wa vyumba vya watumishi. Hata watunzi wakubwa walipoikumbuka, waliikumbuka kwa mzaha au kwa kuonyesha mahali pa watu wa chini. Tchaikovsky aliweka kodiani nne katika sehemu moja ya Suite yake ya pili ya orkesta, mwaka 1883, na akaruhusu ziachwe zikikosekana. Alban Berg, katika opera yake Wozzeck iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1925, aliipeleka kilabuni, kwa walevi.

Ndiyo maana kuna la kutafakari mtu anapoikuta leo katikati ya sebule ya kabaila. Chukua Denmark. Sheria ya mwaka 1733 iliwafunga wanaume wa vijijini kwenye shamba la bwana walikozaliwa, wasiweze kuhama bila ruhusa yake, na haikuanza kuondolewa hadi mwaka 1788. Majumba ya mabwana hao bado yamesimama, mengine yamezungukwa na handaki la maji, mengine yana barabara ndefu yenye miti pande zote mbili. Baadhi yake hufungua milango majira ya kiangazi kwa ajili ya muziki. Tiketi zinauzwa, viti vinapangwa sebuleni, na mjukuu wa kibarua anaweza kuketi safu moja na mjukuu wa bwana, wote wakimsikiliza mtu mmoja na kodiani yake akipiga Bach.

Safari hiyo ya kutoka ghalani hadi sebuleni ingetosha makala yake yenyewe. Mimi nataka kusifu kazi inayofanyika pale kitini, na ndani ya kazi hiyo nataka kusifu kiungo ambacho wasikilizaji wengi hawakitazami. Macho yetu huvutwa na mkono wa kulia, ambao vidole vyake vinakimbia juu ya vitufe. Kazi ngumu iko upande wa pili.

Kwanza, mahali penyewe. Sebule kubwa ya jumba la namna hii ina sakafu ya mbao, dari ya juu, madirisha marefu na nafasi ya viti vichache. Hakuna kipaza sauti. Kodiani hupenda chumba cha ukubwa huo, kwa kuwa katika ukumbi mpana wa orkesta sauti zake ndogo kabisa hazifiki nyuma, na katika kanisa la mawe mwangwi hulifunika neno la pili kabla la kwanza halijaisha. Hapa kila kitu kinasikika, hata kitufe kikirudi mahali pake. Ni chumba kisichomfichia mpigaji kosa.

Mpigaji anaingia akiwa amebeba chombo cha takriban kilo 15. Anaketi karibu na ukingo wa kiti, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, na uzito mkubwa anaulaza juu ya paja la kushoto. Mikanda miwili inapita mabegani, na mara nyingi wa tatu unaiunganisha mgongoni ili isiteleze. Mkono wa kushoto unapita chini ya mkanda mwingine ulioshikamana na sanduku la besi, na mkanda huo utakuwa kamba yake ya kazi jioni nzima. Halafu, kabla ya noti yoyote, dole gumba la kushoto linabonyeza kitufe cha hewa na mvukuto unafunguka kidogo, kimya. Anajipimia pumzi ya kuanzia.

Ili kuelewa kinachofuata, inabidi kujua kilichomo ndani ya sanduku. Sauti ya kodiani inatoka kwenye ulimi mwembamba wa chuma, uliogongomewa ribiti upande mmoja juu ya bamba la alumini lenye mwanya. Hewa ikipita, ncha iliyo huru inatikisika ndani ya mwanya huo bila kugusa kingo. Wachina walijua siri ya ulimi wa aina hii karne nyingi kabla ya Ulaya, katika chombo chao kiitwacho sheng. Ulimi huitika kwa hewa inayotoka upande mmoja tu, kwa hiyo kila bamba lina ndimi mbili, mmoja wa kufungua mvukuto na mwenzake wa kuufunga. Kodiani kubwa ya jukwaani ina noti 64 upande wa kulia, na kila noti ina safu nne za sauti. Zidisha kwa mbili na utapata ndimi 512 kwa mkono wa kulia pekee, kabla hujagusa besi.

Fundi anayezitia tuni hufanya kazi kwa tupa ndogo na sikio. Akikwangua karibu na ncha, ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Akikwangua karibu na ribiti, ulimi unalegea na sauti inashuka. Akizidisha kidogo tu, ulimi umeharibika. Kazi hiyo inarudiwa kwa kila ulimi, na ndimi mbili za bamba moja lazima zilingane kabisa, la sivyo noti itabadilika rangi kila mvukuto unapogeuka. Katika vyombo vya hali ya juu, mabamba hushikwa na nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, kwa sababu hadi leo mafundi wengi wanaiamini kwa jinsi inavyoziba hewa na kuacha bamba liimbe. Mji wa Castelfidardo nchini Italia, ambako Paolo Soprani alianza kuunda kodiani mwaka 1863, umeishi kwa ufundi huu tangu wakati huo. Urusi nayo ina ukoo wake. Mwaka 1907 fundi Pyotr Sterligov wa St Petersburg aliunda kodiani ya vitufe iitwayo bayan, na aina hiyo ndiyo inayopigwa na wengi wa mabingwa wa leo.

Sasa turudi kwenye mkono. Kodiani ina mvukuto mmoja tu, na mvukuto huo unalisha pande zote mbili. Mpiga piano akitaka wimbo wa mkono wa kushoto usikike zaidi, huvikandamiza vidole vyake vya kushoto kwa nguvu. Mpiga ogani ana meza mbili au tatu za kupigia, kila moja na sauti zake. Mpiga kodiani akiongeza nguvu ya mvukuto, kila noti iliyofunguka inaongezeka, kulia na kushoto, iliyo muhimu na isiyo muhimu. Hawezi kuinyanyua moja na kuiacha nyingine kwa nguvu ya hewa peke yake. Tatizo hilo la kimaumbile halitatuliki. Linazungukwa tu, na jinsi linavyozungukwa ndiyo sanaa yenyewe.

Sikiliza fuga ya Bach katika C mainu, ya kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier cha mwaka 1722. Ni fuga ya sauti tatu. Inaanza sauti ya kati, peke yake, na wimbo mfupi wa hatua mbili. Kisha sauti ya juu inaingia na kuujibu. Hizo zote ziko mkono wa kulia, na mpaka hapo kazi si nzito. Katika hatua ya saba inaingia besi, mkono wa kushoto, na wimbo ule ule. Msikilizaji lazima aisikie ikiingia, maana wimbo wote umejengwa juu ya kuingia huko. Lakini wakati huo sauti mbili za juu zinaendelea kusema, tena kwa noti nyingi.

Mpigaji hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Vidole vya kulia vinaanza kuachia noti mapema kidogo kuliko zilivyoandikwa, kiasi kwamba katikati yake panapatikana nafasi nyembamba za ukimya. Vidole vya kushoto vinafanya kinyume, vinashikilia kila noti mpaka mwisho wake. Nguvu ya hewa haijabadilika hata chembe, ila sikio linadanganyika na kuamini kwamba besi imesogea mbele. Jambo la pili ni mgeuko. Mvukuto uliokuwa ukifunguka sasa unakaribia mwisho wake na lazima ugeuke, na katika fuga hakuna mahali ambapo sauti zote zinatua pamoja. Basi anaugeuza pale pale besi inapoanza. Mshituko mdogo wa hewa kubadili njia unafunikwa na noti mpya inayoingia, na kile kilichokuwa udhaifu wa chombo kinageuka kuwa mkazo wa muziki.

Yote hayo yanafanywa na mkono ambao wakati huo huo unapiga. Kifundo cha mkono wa kushoto kinausukuma mkanda ili kufungua, kiganja kinalisukuma sanduku ili kufunga, huku vidole vinne vinatafuta vitufe visivyoonekana kwa macho. Kufungua kunasaidiwa na uzito wa sanduku lenyewe. Kufunga kunataka nguvu za misuli. Hata hivyo msikilizaji asijue ni lini mvukuto unafunguka na ni lini unafungwa. Mpigaji mwanafunzi utamjua hapo: sauti yake hunona anapovuta na hukonda anaposukuma.

Kuna hesabu nyingine nyuma ya haya. Sauti kubwa inakula hewa haraka, na noti za chini zinakula zaidi. Ndimi za chini kabisa ni nzito, nyingine zimeongezewa uzito kwenye ncha, na zinachelewa kuamka. Ndimi za juu zinaamka mara moja. Basi noti mbili zilizoandikwa zianze pamoja, moja chini na moja juu, hazitaanza pamoja mpaka kidole cha chini kitangulie kwa sehemu isiyopimika ya sekunde. Na kama ukurasa unaofuata una kishindo kirefu, mvukuto lazima uwe karibu umefungwa kabla ya kufika hapo, ili kuwe na nafasi ya kuufungua wote. Mpigaji makini huanza kupanga mgeuko wa ukurasa wa tatu akiwa ukurasa wa kwanza, na nakala yake ya noti imejaa alama ndogo za penseli za kufungua na kufunga.

Hapo ndipo ninapomfikiria msomaji wa Kurani aliyefunzwa tajwidi. Anajua pumzi yake inafika wapi, na anajua pia kwamba kuna kituo kinachopendeza, kituo kinachoruhusiwa na kituo kinachoharibu maana. Hasubiri pumzi imwishie ndipo atafute pa kusimama. Alikwisha kuchagua. Mpiga kodiani wa muziki wa aina hii anaishi kwa kanuni iyo hiyo: mvukuto ugeuke pale sentensi inaporuhusu, wala usigeuke kwa kuwa hewa imekwisha.

Onyesho la namna hii mara nyingi hupita pia kwa Domenico Scarlatti, Mwitalia aliyeishi Hispania na kuacha sonata 555 za kinanda. Sonata yake ya D mainu, K. 141, ni kipenzi cha wapiga kodiani kwa sababu noti moja inarudiwa mara sita mfululizo kwa kasi kubwa, kisha nyingine, kisha nyingine. Kidole kimoja hakiwezi kasi hiyo. Vidole vitatu vinapokezana juu ya kitufe kimoja, kila kimoja kikiondoka kumpisha mwenzake, na kitufe chenyewe kinashuka milimita chache tu. Ukikaa karibu utaona kidevu nacho kikifanya kazi. Juu ya ubao wa vitufe kuna safu ya swichi za kubadilisha rangi ya sauti, na kwa kuwa mikono yote ina shughuli, mpigaji huinama na kuibonyeza moja kwa kidevu. Kwa mara ya kwanza inachekesha. Ukishazoea unagundua kwamba anaibonyeza ndani ya ukimya mfupi kuliko kupepesa jicho, na hakosi.

Vipande vya kasi ndivyo vinavyopigiwa makofi mengi. Dhoruba ya kiangazi ya Vivaldi, iliyoandikiwa fidla, imekuwa kigezo cha kuonyesha mtikiso wa mvukuto, ambapo mkono wa kushoto unafungua na kufunga kwa haraka mpaka sauti inatetemeka. Inataka nguvu na mazoezi, na siidharau. Lakini nikiombwa kumpima mpigaji, nitasubiri kipande cha taratibu, kwa mfano utangulizi wa Bach wa ogani uitwao Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ. Kuna sauti tatu tu: wimbo juu, mtiririko katikati, na besi inayotembea kwa hatua sawasawa chini. Hakuna pa kujificha. Mkono ukitetemeka, wimbo unatetemeka. Mgeuko ukiwa mzito, mstari unakatika. Noti ya mwisho inapungua mpaka mtu haelewi imekwisha au bado, jambo ambalo piano haiwezi kulitawala, kwa sababu waya wa piano ukishagongwa mpigaji hana la kuuongezea. Ulimi wa kodiani unatii mpaka hewa ya mwisho.

Muziki huu usingewezekana kwenye kodiani ya kawaida ya zamani. Upande wake wa kushoto ulipangwa kwa ajili ya dansi: vitufe vya besi, na pembeni vitufe vinavyotoa kila kimoja sauti tatu zilizokwisha pangwa. Ni mpango wa akili sana kwa waltz, lakini mtu hawezi kupiga fuga kwa mafungu. Kilichohitajika ni upande wa kushoto wenye noti moja moja, kuanzia chini hadi juu, kama ulivyo upande wa kulia. Vyombo vya jukwaani vya leo vina mifumo yote miwili, na swichi moja ndiyo inayobadilisha.

Chombo kilipopatikana, ilibaki kupata muziki wake wenyewe, maana kupiga vya Bach na Scarlatti ni kuvaa nguo za kuazima hata zikikukaa vizuri. Mwaka 1927 mtunzi Hugo Herrmann aliandika kwa ajili ya kampuni ya Hohner ya mji wa Trossingen mkusanyo ambao huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi za kwanza za muziki makini zilizotungwa moja kwa moja kwa kodiani peke yake. Hatua kubwa zaidi ilitoka Denmark. Mogens Ellegaard, mpiga kodiani aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki 1995, aliwaendea watunzi wa nchi yake na za jirani mmoja mmoja. Mwaka 1958 Ole Schmidt alimtungia kazi ya kodiani na orkesta. Mwaka 1967 Per Nørgård alimtungia Anatomic Safari, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa nusu ya jina hilo. Mwaka 1970 chuo cha kifalme cha muziki cha Copenhagen kilifungua masomo ya kodiani chini yake. Mwanafunzi wake Owen Murray aliyapeleka Royal Academy of Music ya London mwaka 1986. Leo kijana anaweza kupata shahada ya chombo ambacho babu yake alikipiga kwenye dansi za Jumamosi bila kusoma noti hata moja.

Upande wa Urusi kazi hiyo ilibebwa na mpiga bayan Friedrich Lips, na mtunzi aliyeitikia kwa kina kuliko wengi alikuwa Sofia Gubaidulina, mzaliwa wa Chistopol katika Tatarstan mwaka 1931, aliyefariki 2025. Alisema anakipenda chombo hiki kwa sababu kinapumua, na De profundis aliyomwandikia Lips mwaka 1978 inathibitisha kwamba hakuwa akitafuta maneno matamu. Jina la kazi hiyo limetoka katika zaburi ya mtu anayelia kutoka vilindini. Muziki unaanza chini kabisa, sauti nzito zilizobanana zikitetemeka kwa mtikiso wa mvukuto. Unajaribu kupanda, unaangushwa, unajaribu tena. Halafu katikati yake mpigaji anabonyeza kitufe cha hewa bila noti yoyote na kuufungua mvukuto, na sebule nzima inasikia pumzi tupu ikivutwa, kisha ikitolewa.

Kwa mtazamo wa ufundi, hapo mtunzi amefanya jambo la kijasiri. Kile ambacho mpigaji alifunzwa kukificha kwa miaka, sauti ya hewa, amemwagiza akiweke mbele. Na si rahisi kama inavyoonekana. Pumzi hiyo ina urefu wake, kasi yake na mwisho wake. Ikitolewa haraka inakuwa kelele za sanduku. Ikitolewa kwa woga haisikiki. Mkono ule ule uliokuwa ukijificha katika fuga sasa ndio unaosema peke yake, na uzoefu wote wa kujificha ndio unaoupa cha kusema. Anayekaa safu ya mbele ataona bega la kushoto likishuka taratibu, vidole vya kulia vimelala juu ya vitufe bila kuvibonyeza.

Haya yote hayako mbali na sisi kama yanavyoonekana. Zanzibar kodiani imekaa miongo mingi pamoja na fidla na chombo cha nyuzi kiitwacho kanuni katika vikundi vya taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kinaifundisha. Kenya ya kati mwomboko hauchezeki bila kodiani na chuma kinachogongwa pembeni. Katika taarab mpigaji anaufuata wimbo kwa mkono wa kulia na kuupamba, na mafungu ya sauti ya upande wa kushoto hayana kazi kubwa, kwa kuwa wimbo huo haukujengwa juu yake. Lakini mvukuto upo. Mpigaji mzuri wa taarab anaulegeza mwimbaji anapoingia, anaunenepesha kiitikio kinapojibu, na anaugeuza mahali ambapo shairi limetua. Kanuni ya sebule ya Denmark na ya ukumbi wa taarab wa Zanzibar ni ile ile, ingawa muziki ni tofauti kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu tuna mazoea ya kumsifu mpiga kodiani kwa kasi ya vidole, huku na huko. Kasi hujifunzwa, na siku hizi kuna vijana wengi wenye kasi ya kutisha. Walio wachache ni wale wanaojua kuongoza hewa kiasi kwamba msikilizaji anasahau kuna sanduku la kadibodi iliyokunjwa, kitambaa na ngozi katikati ya mikono miwili. Ukisikia mtu anasema kodiani ni chombo cha kelele, ujue bado hajakaa karibu na mmoja wao.

Basi ukipata nafasi ya kumsikiliza mpiga kodiani, iwe ni Bach katika jumba la kabaila au taarab ya harusi ya jirani, chagua kiti upande wa kulia wa ukumbi, ambako ndiko uliko mkono wake wa kushoto. Tazama kifundo kinavyovuta na kiganja kinavyosukuma, na ujaribu kukisia mvukuto utageuka wapi. Na kama nyumbani kwako yuko kijana anayejifunza, usimkimbize kwenye nyimbo za kuonyesha watu. Mpe noti moja ndefu. Aifungue na kuifunga, siku baada ya siku, mpaka wewe uliye chumba cha pili usiweze kutambua imegeuka lini. Akishafika hapo, vidole havitampa shida.